Kidole cha Mwosha Boila

Elieza Lugembe aliosha boila za injini za reli Tabora kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akijisifu. Waliomsifu ni wenzake. Walisema mpe nati mkononi, mfunge macho kwa kitambaa, atakwambia imetoka injini ipi na nani aliikaza kwa hasira. Alikuwa mzee mrefu, Mmoraviani wa benchi la mbele kanisani, mwenye mikono mikubwa ambayo akiipumzisha magotini ilionekana kama vitu alivyoachiwa na mtu mwingine amtunzie.

Chini ya sifa hiyo kulikuwa na siri. Kwa miaka minne ukungu ulikuwa ukimwingia machoni, kwanza la kushoto, kisha la kulia, mpaka ikafika mahali mlango kwake ukawa ni mwanga na mtu akawa ni kivuli. Hakumwambia yeyote. Mwosha boila asiyeona hupewa barua ya shukrani na siku thelathini za kuhama kota. Basi alihesabu hatua kutoka nyumbani mpaka shedi, akawajua watu kwa kikohozi na kwa mwendo, na kazi ya ndani ya boila, ambayo hata mwenye macho huifanya gizani, akaifanya kwa vidole.

Nyumbani mila ilimfichia. Alikaa na mkwewe Paskazia, mjane wa mwanawe Sylvester, na mjukuu mchanga, Veneranda, aliyezaliwa miezi miwili baada ya baba yake kufa. Paskazia alilelewa Usoke kwa adabu ya zamani: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, wala hakai naye mkeka mmoja. Aliweka sahani juu ya kigoda, akapiga goti, akasema, "Karibu chakula, baba," akarudi nyuma macho yakiwa chini. Heshima ile ilimfaa mzee kuliko miwani. Mtu asiyekutazama usoni hawezi kujua kwamba wewe humwoni.

Sylvester alikuwa fayamani, mchochea moto wa injini. Novemba ya mwaka hamsini na mbili, karibu na Tura, maji yalipungua ndani ya boila, paa la tanuru likaporomoka, na mvuke na moto vikamtokea yeye aliyesimama mlangoni. Dereva alirushwa kwenye nyasi, akapona. Uchunguzi ulifanywa kwa siku mbili, ikaandikwa kwamba aliyepaswa kuangalia maji alikuwa amelala. Faili likafungwa.

Amelala. Neno hilo ndilo lililobaki kuwa jina la Sylvester. Lilifika bombani upesi kuliko maji. Paskazia alipokinga ndoo yake, palikuwa na mwanamke mmoja aliyependa kusema kwa sauti ya huruma, "Angalia maji, mama Veneranda, yasije yakakupungukia," na wengine wakainamia ndoo zao wakacheka kwa mabega. Paskazia alirudi nyumbani, akamimina maji mtungini kidogo kidogo, na Elieza akiwa kibarazani alijua, kwa namna maji yalivyomiminwa, kwamba limesemwa tena.

Mzee hakuliamini neno lile. Mtoto aliyekuwa akiamka panya akipita darini hawezi kulala mbele ya moto. Mara mbili alikwenda kwa Bwana Injinia, Mwingereza mkuu wa karakana, kuomba faili lifunguliwe. Mara zote mbili alijibiwa bila ukali kwamba alete ushahidi. Tangu hapo Elieza hakuwa na haja nyingine duniani ila hiyo, neno lile lifutwe kabla mtoto hajajua kusoma.

Mwezi wa tatu, Jumamosi moja, Masolwa mpiga nyundo alisukuma mkokoteni mpaka kibarazani. Juu yake palikuwa na kitu kizito kilichofunikwa gunia. Masolwa ni Msukuma, na Msukuma kwa Mnyamwezi kama Elieza ni mtani.

"Shikamoo, mzee. Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe umeletewa mzigo mpaka mlangoni, na bado utanuna."

"Marahaba. Msukuma akipewa mkokoteni hupiga mluzi, anadhani anaswaga ng'ombe. Umeleta nini?"

"Injini njiti," alisema Masolwa. "Imezaliwa kabla ya miezi yake."

Ilikuwa injini ya mfano, ndefu kama kitanda cha kamba cha mtoto, ya chuma na shaba ya kweli, yenye boila na tanuru lake. Mtu akiipasha moto ingeweza kuvuta vibehewa vilivyokaliwa na watoto. Masolwa alieleza kwamba ilikutwa Urambo, ndani ya ghala la mradi wa karanga, mradi ulipovunjika na vitu kupigwa mnada. Bwana Injinia aliinunua pamoja na fungu la mabomba, naye hakujua ni nani aliyeitengeneza wala ni mfano wa injini ipi. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi. Fimbo moja ya kuunganisha magurudumu haikuwepo, na kibao cha jina kiling'olewa yakabaki matundu manne ya misumari. Bwana alitaka ijulikane ni nini, na itembee Juni, siku ya sherehe za kutawazwa Malkia.

Elieza alikubali, akaomba kuifanyia kazi nyumbani. Hakusema kwamba nyumbani hakuna wa kumchungulia. Na moyoni alijiambia kwamba mzungu aliyefurahi hufungua faili kwa wepesi kuliko aliyeudhika.

Wiki ya kwanza hakufungua hata skurubu. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, injini katikati ya mapaja kama mama anayesuka nywele za mtoto, akaipapasa. Alihesabu magurudumu manne makubwa kila upande na moja dogo mbele. Aligusa kuba la mvuke, akakuta limesogezwa nyuma na kuunganishwa na sanduku la mchanga. Aligusa ngazi, ndoano, mlango wa tanuru unaofunguka kwa kuinuliwa juu badala ya kuvutwa pembeni. Kisha akamwagiza Masolwa amwambie Bwana Injinia asihangaike na vitabu vyake vya Kiingereza. Hii ilikuwa sura ya injini za Wajerumani, zile zilizokuja na reli ilipofika Tabora kabla ya vita ya kwanza. Yeye alizisugua magurudumu akiwa kijana asiye na ndevu.

Bwana alikuja mwenyewe kusikia, akatafuta picha ya zamani, akakuta ni kweli. Alimpiga mzee begani, akasema vidole vile vingewekwa katika jumba la makumbusho. Elieza aliona ndiyo saa yake, akalitaja faili la Sylvester. Bwana akasema watalizungumza injini ikishatembea.

Kwa hiyo alifanya kazi. Alichoma rangi kwa taa ya kuchomea, akaikwangua tabaka kwa tabaka, nyeusi, kijani, nyeusi tena. Alitoa viota vya nyigu kwa waya. Alichonga fimbo iliyopotea kwa kipande cha chuma cha reli, akiilinganisha na dada yake ya upande wa pili kwa kuziweka mbili pamoja na kupitisha ukucha juu ya mwungano. Alilainisha mapistoni kwa mafuta ya karanga, akicheka peke yake kwamba hatimaye karanga za Urambo zimefaa kitu. Alipofika kwenye boila, aliingiza kidole katika tundu la kuoshea, tundu pana kama mdomo wa kikombe, akakipitisha juu ya paa la tanuru, na juu ya risasi.

Risasi hiyo ndiyo roho ya boila. Juu ya tanuru, pale ambapo maji hulifunika, hufungwa skurubu ya shaba yenye tundu katikati, na tundu huzibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Maji yakipungua mpaka tanuru likabaki wazi, risasi huyeyuka, mvuke hushuka kwa makelele ukazima moto. Injini huvutwa kama ng'ombe aliyevunjika, watu hupata aibu, na hakuna anayekufa. Kanuni ilisema kila boila inapooshwa skurubu ile ifunguliwe, itolewe nje na kutazamwa. Lakini wakati wa vita ya pili injini zilikuwa nyingi na waoshaji wachache, wakazoea kuingiza mkono tu, kupitisha kidole, na kumwambia karani aandike "safi". Vita ikaisha, mazoea yakabaki. Hakuna bwana aliyewafundisha hivyo. Walifundishana wao kwa wao, na kidole kilichoaminiwa kuliko vyote kilikuwa cha Elieza.

Kidole kilimwambia risasi ya injini ndogo ni laini na tambarare. Safi.

Alipokuwa akikwangua ukingo wa tundu, alikuta alama zilizogongwa kwenye shaba, ndogo kama nyayo za sisimizi. Alizipapasa asubuhi nzima, hazikusomeka. Kumwita Masolwa kungekuwa kuitangazia karakana nzima kwamba mzee haoni. Akakaa. Hatimaye akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akamwita Paskazia aje karibu.

Alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mbali. Mzee alimwomba asogee asome, kwa kuwa amesoma shule ya masista mpaka darasa la nne. Paskazia alisita, kisha akapiga magoti upande wa pili wa injini, akaigeuza kuelekea jua.

"Imeandikwa Tabora, baba. Halafu kumi na tisa kumi na nne."

Elieza alipitisha kidole tena juu ya alama zile. Ilikuwa imetengenezwa hapa hapa, katika shedi ile ile. Akamkumbuka fundi Mjerumani mwenye masharubu ya manjano, aliyewakalisha vijana sita kuizunguka injini ndogo kuwafundisha kuosha boila kabla hawajaruhusiwa kugusa kubwa. Yeye alikuwa mmoja wa wale sita. Somo lilikuwa moja, na fundi yule hakujua Kiswahili cha zaidi ya hapo: toa, tazama, rudisha.

"Na hiki cheupe humo ndani ni nini?" Paskazia aliuliza. Alikuwa amechungulia tunduni.

"Ni risasi."

"Risasi ni nyeusi nyeusi, baba. Hiki ni cheupe kama magadi."

Mzee akaingiza kidole tena. "Ni laini. Ni safi."

"Si safi," alisema Paskazia, kwa upole, kama mtu anayesahihisha mtoto. Alichomoa sindano ya kushonea kwenye upindo wa kanga, akaipenyeza, akakwangua. Kipande kidogo kikabanduka, kikalia ndani ya boila kama kokoto ndani ya debe. "Ni ukoko wa maji, kama wa birika. Umesuguliwa na maji ukawa laini tu."

Elieza alimwambia inatosha. Sauti yake ilibadilika, na Paskazia, akidhani amevuka mpaka wa heshima, aliinuka akaenda zake jikoni.

Mzee aliifungua skurubu ile, akaitoa, akaishika kiganjani. Ukoko ulikuwa umeifunika juu kama kifuniko. Sasa alielewa. Risasi iliyo chini ya ukoko kama huo inaweza kuyeyuka yote, na tundu likabaki limezibwa. Boila haitapiga kelele. Mtu atasimama mbele ya moto akingoja onyo ambalo haliji. Na injini ya Tura iliingia shedini kuoshwa siku tisa kabla ya ajali. Aliyeingiza mkono ni yeye. Karani aliandika "risasi safi" kwa neno lake, naye akatia sahihi.

Ushahidi alioagizwa alete ulikuwa mkononi mwake.

Siku nne alikwenda kazini na kurudi. Aliweza kunyamaza, hakuna aliyemuuliza. Injini ndogo ingetembea, Bwana angefurahi, pengine neno lile lingefutwa kwa hisani tu, na mtoto angekulia katika kota yenye bomba na paa la bati. Aliyapima hayo kila usiku. Siku ya nne, alasiri, alisikia maji yakimiminwa mtungini kidogo kidogo, akamwita mkwewe.

Alimweleza yote, kuanzia macho. Alieleza risasi, kidole, siku tisa. Hakujitetea kwamba wote walifanya vile. Alipomaliza, mtoto alikuwa bado akinyonya.

"Umelijua hili tangu lini?" Paskazia aliuliza.

"Tangu Jumamosi. Ulipotoa sindano."

"Siku nne." Alimhamishia mtoto ziwa la pili. "Siku nne nimekuwekea chakula kigodani, nimekupigia magoti."

Elieza aliifunga skurubu ndani ya kitambaa.

"Kaseme, baba," Paskazia alisema. "Kaseme kule walikomwandika."

Asubuhi alikwenda karakana na skurubu ndani ya kitambaa. Alimwomba Bwana Injinia asimame karibu na tanuru la mhunzi, akamwomba Masolwa avukute. Skurubu ilishikwa kwa koleo, upande wa chini ukielekezwa motoni. Punde risasi ikaanza kudondoka mchangani, tone kwa tone, mpaka ikaisha. Waliingoja ipoe. Kisha Elieza akasema mtu amimine maji juu yake. Bwana Injinia mwenyewe alimimina kutoka glasi yake. Ukoko ukayashika maji kama kijiko. Halikupita hata tone.

Bwana aliuliza nani aliiosha injini ya Tura.

"Mimi."

"Na risasi hukuitoa?"

"Sikuitoa. Niliigusa."

"Kwa nini hukutazama?"

"Nisingeona, bwana."

Masolwa aliacha kuvukuta. Bwana Injinia alipitisha mkono mbele ya uso wa mzee mara mbili, na macho ya mzee hayakuufuata. Akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba hakuna aliyemlazimisha kuja na jambo hili. Elieza alimjibu kwamba aliambiwa alete ushahidi, naye ameuleta.

Faili lilifunguliwa. Karani aliwasomea wafanyakazi uwanjani kwamba ajali ya Tura ilitokana na boila kuoshwa vibaya, na kwamba fayamani Sylvester Lugembe hakuwa na kosa. Kioo cha kuonyesha maji kiliziba kwa ukoko huo huo, na onyo halikutoka. Jina la mwosha boila lilisomwa nalo. Waoshaji wengine walitazama chini. Juma lile kila risasi katika shedi ilifunguliwa, na walisema walizikuta kumi na moja zenye ukoko. Hakuna aliyemshukuru kwa hilo. Alipewa barua ya siku thelathini, isiyo na shukrani.

Injini ndogo aliimaliza, kwa sababu aliahidi. Risasi mpya aliimimina kwa mkono wake, kisha akamwomba Masolwa aitoe, aitazame, airudishe. Masolwa alifanya alivyoambiwa, akasema iko sawa, akaondoka. Hakumtania tena tangu siku ile ya tanuru, na Mnyamwezi asiyetaniwa na Msukuma ni kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Siku ya sherehe injini ilivuta watoto wa Wazungu na wa Wahindi kuzunguka bustani ya stesheni. Elieza alikuwa ndani akifunga sufuria kwa kamba, akaisikia ikipiga filimbi.

Yeye angehamia Kwihara, kwa mtoto wa dada yake. Baba mdogo wa Paskazia alikuja kumchukua kumrudisha Usoke. Walikwenda wote stesheni, kwa kuwa mizigo ilikuwa bado pamoja, nao wakaigawa pale pale chini: mtungi huku, kigoda kule. Mzee hakuomba kumpakata mtoto. Aliona hana mdomo wa kuomba.

Treni ilipoingia, Paskazia alimsogelea mpaka mzee akasikia joto la mtoto.

"Hiyo risasi," alisema. "Kama ingekuwa safi, Sylvester angeisikia?"

"Angeisikia. Hata aliye nusu maili huisikia."

"Angerudi nyumbani."

"Angerudi. Wangemsema kidogo, basi."

Mzee alingoja aseme jingine. Paskazia alipanda, na mzee akafuata sauti za mizigo mpaka chini ya dirisha la daraja la tatu. Ndani, mwanamke mmoja alikuwa akisogeza kapu lake ampishe mwenye mtoto, akisifu mashavu, akiuliza, kama wanawake wanavyouliza safarini, mtoto ni wa nani.

"Wa Sylvester Lugembe," Paskazia alijibu. Hakushusha sauti. "Fayamani. Alikufa kazini, Tura. Hakulala."

Mwanamke yule akasema pole, akauliza kama mtoto bado ana babu upande wa baba.

Elieza alikaza shingo asikie. Lakini injini ilikuwa imefungua mvuke, na jibu la Paskazia likaenda nao.